Mwenye Jina la Nyumba

Kadi haikuwepo. Apolline alifungua kisanduku cheusi, akakuta kila tundu la sifongo limeshika kadi yake, isipokuwa moja. Akakifunga. Akakifungua tena, kama mtu anayetumaini kwamba macho yake ndiyo yenye kosa. Tundu likabaki vilevile, tupu, likimtazama.

Hakupiga kelele. Apolline hakuwa mtu wa kelele; hata chuoni Bukavu, alikosomea kazi ya kamera, walimu walikuwa wakimwomba arudie jibu lake kwa sauti kabla ya kumpa alama. Alisimama tu katika chumba cha mbele cha nyumba ya Mama Félicien, mtaani Songo, ambamo kikundi chao kilikuwa kimeweka vyombo, na wazo la kwanza lililomjia likamwaibisha. Hakuwaza imeangukia wapi. Aliwaza ni nani.

Kadi hiyo, isiyozidi ukubwa wa kiberiti, ilikuwa imebeba kazi yote ya jana kule Kavimvira, mpakani. Desturi yao ilikuwa kwamba jioni, kabla mtu hajagusa chakula, Apolline anainakili kadi kwenye diski mbili. Lakini jana umeme ulikatika, jenereta ikatoa moshi badala ya umeme, na kompyuta ikazimika. Asubuhi hii umeme uliporudi, alikimbilia kisanduku ili anakili. Basi nakala haikuwepo. Kilichopotea kilikuwa ndicho pekee kilichokuwapo.

Nacho hakikuwa kitu kidogo. Filamu yao ilikuwa hadithi ya mama anayekwenda mpakani kila siku kumtazamia mwanawe aliyevuka na hakurudi. Mama huyo aliigizwa na Mama Félicien mwenyewe, jina lake Mukarusanga, mjane aliyeshuka Uvira kutoka milima ya juu pamoja na mumewe miaka mingi iliyopita. Hakuwahi kuigiza. Thierry, mwongozaji, alimwona akiimba katika kwaya ya kanisa, akasema uso ule ndio anaoutaka.

Jana, mara ya tatu ya kupiga picha ileile, Apolline alikosea. Kazi yake ilikuwa kuzungusha pete ya lenzi ili uso wa mama ubaki wazi na watu wa nyuma wabaki ukungu. Mkono ukateleza. Uso wa mama ukayeyuka, na nyuma ya bega lake akatokea wazi mwanamume mmoja katika umati, mwenye kofia ya buluu, akageuza uso, kisha Apolline akaurudisha mkono na mama akarudi. Alidhani Thierry atamfukuza. Kumbe Thierry alirudia kipande hicho kwenye skrini, akaukuza uso wa yule mwanamume mpaka ukajaa skrini.

"Muone! Hii kamera unaweza kuhesabu nyusi za muntu," alisema. "Ni kama jicho la mama limemtafuta mwanawe katika watu, likamkosa. Apolline, hilo kosa lako ndiyo filamu yangu."

Sasa filamu yake haikuwepo.

Mama Félicien alikuwa mlangoni, kitenge cha msiba kiunoni, akingoja pikipiki ya kumpeleka Sange kwenye maziko. Apolline alimkaribia taratibu.

"Mama Félicien, kuna muntu aliingia humu asubuhi?"

"Aliingia."

"Nani, Mama?"

Mama alikaza fundo la kitenge, akatazama chini kidogo. "Mwenye jina la hii nyumba. Aliinama pale kwa visanduku vyenu, akatoka mbiombio. Hata chai yangu hakukunywa."

Pikipiki ikapiga honi. Mama akapanda kwa upande, akaenda zake.

Apolline alilipeleka neno hilo kwa Thierry kama alivyolipokea, bila kuongeza wala kupunguza. Baadaye alijilaumu, lakini saa ile alikuwa na hofu, na mtu mwenye hofu hupenda kumkabidhi mwingine mzigo.

"Mwenye jina la nyumba," Thierry alirudia. "Mwenye nyumba ni nani hapa, tangu mzee afariki? Si Félicien?"

Kweli ilionekana hivyo. Félicien alikuwa mtoto wa pekee wa mama, kijana wa pikipiki, mwenye ulimi mwepesi. Na sasa kila mmoja akaanza kukumbuka jambo lake. Siku ya kwanza kabisa Félicien aliuliza kamera hiyo inatuma picha wapi. Siku nyingine aliishika kadi kiganjani, akaipimapima, akasema, "Haka kadogo ndiko kanabeba batu bote?" Wakati ule walicheka. Leo hakuna aliyecheka. Apolline naye aliyakumbuka, na kila alivyoyakumbuka, sauti ya Félicien ilizidi kuwa ya mwizi.

"Hao watu ya mulima," alisema Kizito, fundi wa taa, "ng'ombe zao tu hawakuambii ziko ngapi. Utajua wameficha kadi wapi?"

"Nyamaza, Kizito," Apolline alisema, lakini kwa sauti yake ile, isiyofika kwa mtu.

Walimkuta Félicien uani, mikono imejaa oili, akifungua mnyororo wa pikipiki.

"Félicien, karte iko wapi?" Thierry aliuliza.

"Karte gani? Ya kuchagua rais ao ya simu?"

"Usinichekeshe."

"Shefu, weye ndiye mwenye kufanya michezo. Minye natengeneza moto yangu," alisema, akigonga tangi la pikipiki.

"Mama yako amesema ni weye uliingia."

Félicien akasimama. Mnyororo ukaanguka chini. "Mama hawezi kusema hivyo."

"Amemwambia Apolline. Muulize."

Félicien akamgeukia. Apolline alitamani ardhi impokee. "Alisema ni mwenye jina la nyumba," alinong'ona.

"Na minye ndiye nyumba?" Félicien alicheka, ila kicheko kilikauka njiani. Alijaribu kumpigia mama yake. Simu ya mama ilikuwa imezimwa, kama inavyostahili mazikoni.

Thierry hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyepoteza kitu. Akavuta kiti, akamwamuru Félicien akae, akamwambia Kizito asitoke mlangoni. "Jua likishuka nyuma ya mulima na karte haijarudi, naita polisi. Watauliza wao."

Kila mtu alijua kuuliza huko kungekuwaje. Kijana wa kutoka milimani, kamera, na mpaka: maneno hayo matatu yakiingia pamoja katika ofisi, mwenyewe hatoki upesi, na pengine hatoki kwa mlango alioingilia. Félicien naye alijua. Alikaa kitini, akaanza kujifuta oili kidole kimoja kimoja, pole pole mno.

Apolline akarudi chumbani, akawasha kompyuta. Aliwaza kwamba kamera imekuwa ikipiga picha katika ua huu siku nzima nzima. Kama Félicien alikuwa na mazoea ya kuzungukia visanduku, ataonekana mahali, nyuma ya mtu, kwenye pembe. Alifungua picha za Jumapili, zile alizokwisha kuzinakili, ambamo mama anaimba na wanakwaya wenzake hapo uani. Hakuutazama wimbo. Alitazama pembe, mlango, kivuli. Alikuwa anamwinda mtu, na hakupenda jinsi macho yake yalivyozoea upesi kazi hiyo.

Félicien hakuonekana mahali popote. Lakini mara ya pili ya wimbo, lenzi ilipousogelea uso wa mama, Apolline aliona jambo. Wimbo ulikuwa wa lugha yao ya milimani, na mwisho wa kila ubeti neno moja lilirudi: rukundo. Upendo. Vinywa vyote vilifunguka katika neno hilo. Kinywa cha mama kilifungwa. Midomo ilikutana kama ya mtu anayekata uzi kwa meno, neno likapita juu yake, kisha kikafunguka tena na kuendelea.

Akafungua mara ya tatu. Ileile. Mara ya nne. Ileile. Akakumbuka kwamba Thierry alilalamika siku hiyo, akidai mama amechoka na anasahau maneno.

Mtu hasahau neno moja tu, kila mara, mahali palepale.

Hapo akamkumbuka bibi yake, mama wa baba yake. Bibi huyo hakuwahi kutamka neno "chumvi" kwa Kifuliiru. Alisema "nipe kile cha kukoleza." Apolline mtoto alidhani bibi hajui neno, akawa anamfundisha, na shangazi zake wanacheka mpaka machozi. Kumbe baba mkwe wa bibi alikuwa na jina linalofanana na chumvi, na mwanamke aliyelelewa vizuri halitamki jina la baba mkwe, hata likijificha ndani ya chungu.

Kundini mwao kulikuwa na Rukundo, fundi wa sauti, kijana mpole ambaye wote walimtania kwamba ana jina tamu na mchumba hana. Mama Félicien alimwita Thierry kwa jina lake, Kizito kwa jina lake, na Apolline kwa jina lake. Lakini Rukundo hakumwita kwa jina; alimvuta shati tu.

Akatoka nje uani. Kizito alikuwa mlangoni, anatafuna karanga. Apolline akachuchumaa mbele ya kiti cha Félicien kana kwamba anaokota kitu.

"Félicien. Baba wa baba yako aliitwaje?"

"Sasa mnataka na babu? Yeye alikufia kule juu, minye sijazaliwa. Naye alikamata kadi?"

"Nakuomba. Aliitwaje?"

Félicien alimtazama kwa muda, akijaribu kujua mtego uko wapi. "Rukundo," alisema. Basi nyumba aliyoitaja mama ilikuwa ukoo, si kuta hizi.

Rukundo alitumwa na Thierry tangu asubuhi kwenda ufukweni kurekodi sauti ya maji, ndiyo maana hakuna aliyemfikiria. Apolline alishuka mtaani akivuka barabara kubwa, akapita kwa wauza mikate ya muhogo. Njiani alijiuliza kwa nini anakwenda peke yake. Ingekuwa rahisi kumwambia Thierry. Lakini neno la kwanza alilolipeleka kwa Thierry lilikuwa limemkalisha mtu kitini.

Alimkuta amesimama kwenye mawe, vipokea sauti masikioni, maikrofoni mbele yake kwenye fimbo ndefu. Rukundo aliinua kidole kumwomba asiongee. Apolline akasimama. Mawimbi madogo yakaja, yakarudi. Fundi wa sauti anapochukua ukimya wa mahali hakatizwi, na Apolline, kwa heshima ya kazi, akamngoja mwizi amalize kazi yake.

Rukundo akavua vipokea sauti. "Nilikusikia tangu kule juu. Unatembea kama muntu mwenye kuomba ruhusa."

"Rukundo, Mama Félicien anakuitaje?"

Akatabasamu. "Haniiti. Niko baba mukwe wake. Siku nilimwambia jina langu, alifunika mudomo." Tabasamu likaanza kuondoka lenyewe. "Kwa nini unauliza?"

"Alikuona asubuhi. Alisema aliyeingia ni mwenye jina la nyumba. Nami sikuelewa, nikamwambia Thierry hivyohivyo. Sasa Félicien amekalishwa uani. Jua likishuka wanaita polisi."

"Félicien?" Rukundo aliweka fimbo chini. "Hapana. Félicien ameingiaje katika hii?"

Hakujitetea. Alichukua mfuko wa vipokea sauti, akaingiza vidole chini ya kitambaa chake cha ndani, akatoa kadi, akamwekea kiganjani. Apolline alipoiona, hasira, ambayo hakuwa na mazoea nayo, ikampanda.

"Ulitaka kutufanyia nini?"

"Yule mwenye kofia ya buluu," Rukundo alisema. "Ni kaka yangu, Ndahiro."

Akaeleza akitazama maji. Ndahiro alichukuliwa na watu wa porini, huko milimani, akakaa nao mpaka akapata nafasi ya kuwatoroka. Wao wanamtafuta kwa sababu amewakimbia. Wanaopigana nao wanamtafuta kwa sababu alikuwa mmoja wa hao wa porini. Jana alikuwa anavuka kwenda Burundi, katikati ya wachuuzi, na hata nyumbani hawakujua ni siku gani.

"Ulimwona pale?"

"Nilimsikia kwanza. Alikohoa. Nilikuwa na hivi masikioni, nikajua kikohozi chake katika watu wote wale. Nikageuka, nikamwona, na nikaona na kamera inamwona. Kama asingekuwa wazi ningeacha. Watu wa nyuma ni ukungu tu. Lakini Thierry alimkuza ule uso, anasema ndiyo filamu. Filamu itaenda mahali pote. Kofia ya buluu, mpaka wa Kavimvira, njia aliyopita. Wenye kumtafuta wana macho, Apo."

Mkono uliomweka Ndahiro wazi ulikuwa wake, huu ulioifumbata kadi sasa.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungefanya nini? Weye hata ukipewa chai ya baridi hausemi." Alijaribu kucheka, akashindwa. "Nimekaa hapa nikijiambia, itupe. Itupe ziwani uende. Lakini ndani iko Mama. Iko kazi yenu yote. Nikashindwa."

"Maliza sauti yako," Apolline alimwambia. "Usije sasa hivi. Ukija na uso huo, watakusoma."

Kamera ile haikubali kufuta kipande kimoja ndani ya kadi. Ama unafuta vyote, ama unaacha vyote. Basi Apolline alifunga mlango wa chumba, akaichomeka kadi kwenye kompyuta, akanakili kipande kimoja kimoja kwenye diski mbili, mpaka akafika kwenye ile mara ya tatu. Akaitazama. Uso wa mama ukayeyuka, mwenye kofia ya buluu akageuka, macho makubwa ya mtu anayesikiliza nyuma yake, kisha mama akarudi. Thierry alikuwa amesema kweli. Katika yote waliyopiga, hakuna kilichoufikia uzuri wake. Apolline alijua pia kwamba hataweza kukosea vizuri namna ile tena maishani.

Akaruka kipande hicho, akanakili vilivyofuata. Kisha akairudisha kadi katika kamera, akaitayarisha upya, ifutike yote. Kioo kidogo kikamuuliza kama ana hakika. Akabonyeza.

Jua lilikuwa linagusa mlima alipotoka nje uani, kompyuta kwapani. Mama Félicien alikuwa anashuka kwenye pikipiki langoni, vumbi la Sange hadi magotini, akamwona mwanawe kitini na Kizito mlangoni, akasimama palepale.

"Kadi ni hii," Apolline alisema. "Kazi iko kwenye diski zote mbili."

Thierry alimnyang'anya diski, akazifungua kwenye kompyuta hapohapo juu ya pipa la maji. Uso wake ukaanza kupata rangi. Akapita kipande hiki, kile, kisha akaacha. "Ya Kavimvira. Ile ya tatu. Iko wapi?"

"Haipo."

"Imeharibika?"

Ingekuwa rahisi kuitikia kwa kichwa. Kadi huharibika. Lakini macho ya Thierry yalikuwa yameshamrukia Félicien na mikono yake ya oili, na Apolline akaona kwamba jibu hilo nalo lingetafuta mtu wa kukaa kitini.

"Haikuharibika," alisema. "Nimeiondoa mimi. Kuna mtu ndani yake ambaye hatukumwomba uso wake."

Thierry alimtazama kana kwamba anaona mtu mpya. "Wewe? Kipande changu? Ni nani aliichukua kadi? Huyu?"

"Si Félicien."

"Nani basi?"

Apolline aliiweka kadi juu ya pipa, kando ya kompyuta.

"Apolline, nakuuliza. Nani?"

Mama Félicien alikuwa bado langoni, hajasogea. Apolline alitazama upande wake, akakutana na macho yake, kisha midomo yake yeye ikakutana na kufungika, bila yeye kuiamuru.

"Basi ni yeye mwenyewe," Kizito alisema, akimwaga maganda ya karanga. "Angemficha nani mwingine?"

Thierry hakumpinga. Alifunga kompyuta. "Kesho kadi zitakaa kwa Kizito. Na lenzi pia. Wewe utashika klapu, ugonge kibao tu. Filamu ikiisha tutaona." Akamwambia Félicien, bila kumtazama, "Simama. Samahani."

Félicien alisimama, akaenda kuokota mnyororo wake. "Shefu," alisema, "mara nyingine unipe na maneno ya kusema. Nimeigiza siku nzima bure." Hakuna aliyejua kama acheke.

Mama alipita karibu na Apolline akiingia ndani. "Amerudisha?"

"Amerudisha, Mama."

"Mimi nilikuambia ni nani."

"Uliniambia. Mimi ndiye sikusikia."

Mama alimshika bega, akalikaza kidogo, akaenda kuosha miguu.

Siku iliyofuata walirudia wimbo, kwa sababu Thierry bado alilalamika kwamba mama anasahau maneno. Rukundo alisimama na fimbo yake juu ya vichwa, vipokea sauti masikioni, hatazami mtu. Kizito alizungusha lenzi kwa wasiwasi na kumtupia Apolline jicho kila mara, kama mtu anayelinda mfuko wake sokoni. Apolline alipiga klapu, akarudi nyuma ya kamera, akaanza kuufuata wimbo kimoyomoyo, midomo ikicheza bila sauti. Ubeti ukafika mwisho, neno likaja, kwaya nzima ikalifungulia vinywa. Mama akalifungia chake. Na nyuma ya kamera, mahali ambapo lenzi haikuweza kumwona, Apolline naye akalifungia chake.

"Tena!" Thierry akapaza sauti. "Mama, kuna neno unaliruka. Ni neno gani hilo?"

Apolline akainua klapu tena.